Jina la Kuingilia

Daktari alipangusa kiti kwa pamba yenye spiriti kabla Waya hajakikalia, na Waya alipoinuka kufuata bisibisi aliyoiacha mlangoni, akakipangusa tena. Alikipangusa polepole huku amekunja pua, kisha akaitupa ile pamba kwenye ndoo kwa ncha za vidole. Asubuhi ile Waya alikuwa ameoga kwa sabuni na dodoki mpaka ngozi ikamwasha, maana alijua anakwenda wapi. Kumbe alijichosha bure.

Jina la Waya alipewa na shangazi yake, dada wa baba yake, enzi hizo akiwa kitoto chembamba cha kupita kwenye tundu la ufunguo. Alipokua akawa fundi wa kompyuta, na watu wakadhani jina limetokana na kazi. Shangazi ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfundisha hata kufunga kamba za viatu. Shangazi huyo ndiye mke wa Daktari, na ndiye aliyekaa mapokezi ya kliniki hii ya meno tangu siku mlango wake ulipofunguliwa. Alipanga miadi, alipiga na kupokea simu, alibembeleza watoto waliogoma kupanua mdomo, na watu wazima walioogopa sindano walimshika yeye mkono, si Daktari. Ukimuuliza kazi yake atakwambia, "Tuna kliniki yetu." Hiyo "yetu" aliitamka kwa raha kabisa. Waya aliipenda kwa ajili yake, na kwa ajili ya hiyo "yetu" alivumilia mengi kutoka kwa mume wa shangazi yake.

Maana mume huyo alikuwa karaha inayotembea. Hata nyumbani, mezani, alitaka aitwe Daktari. Wagonjwa aliwaita kwa midomo yao: "Lile pengo la jana limepiga simu? Ule uozo wa chini kulia umeshafika?" Mezani kwake, pembeni ya kipanya cha kompyuta, aliweka chupa iliyowahi kuwa ya jamu, sasa imejaa meno aliyoyang'oa, mengine yana vijinyama vilivyokaukia kwenye mizizi. Akiwa anafikiri aliitikisa ile chupa ikalia kachakacha. Ndiye huyo huyo aliyeona kinyaa kugusa kiti alichokalia mpwa wa mkewe.

"Sasa nisikilize," Daktari alisema, amesimama hatua kadhaa kutoka kwa Waya kana kwamba ana upele. "Kompyuta ikiwaka inaleta zile sura. Sura ya mke wangu, sura ya muuguzi, sura yangu, zimepangwa kama nguo za mtumba. Mgonjwa amekaa pale mapokezi anazitazama. Ni uchafu ule. Sizitaki."

"Zile ni za kubofya, Daktari. Mtu anabofya sura yake, anaandika neno la siri, anaingia. Ni rahisi kwao."

"Nimesema sizitaki. Nataka picha moja tu, safi, ijae kioo kizima. Na kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake. Si wamekwenda shule?"

Akamkabidhi flashi iliyofungwa ndani ya kimfuko cha nailoni, na kimfuko chenyewe kimefungwa ndani ya kingine. Waya akakifungua kama anayemenya kitunguu, akaichomeka flashi, akaifungua picha. Ulikuwa mdomo. Wa nani, Mungu ndiye ajuaye. Umepanuliwa kwa vyuma mpaka pembe za midomo zimepauka, meno meupe kupita kiasi, fizi nyekundu zinang'aa kwa mate, na huko nyuma kabisa kimeo kinaning'inia. Uzi mwembamba wa mate ulivutika kutoka jino la juu hadi la chini. Daktari aliutazama kwa mahaba, kwa jicho ambalo Waya hakuwahi kumwona akimtazamia shangazi.

"Kazi yangu hiyo," alisema. "Umeziona hizo fizi?"

"Nimeziona," Waya alijibu, akameza mate na kujuta kuyameza.

Kompyuta za kliniki zilikuwa mbili, moja hapo chumbani kwa Daktari na moja mapokezi kwa shangazi, zimeunganishwa kwa waya uliopita chini ya zulia. Zote zilitumia Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na Daktari hakuchoka kujisifu kwamba aliuweka kwa mikono yake mwenyewe bila kumlipa mtu. Katika mfumo huo kuna programu ambayo kazi yake ni kukaa mlangoni tu. Kompyuta ikiwaka, hiyo ndiyo inayotangulia kujitokeza. Inatandaza picha, inapanga sura za wenye ruhusa, inauliza neno la siri, na ikiridhika inakufungulia na kukaa pembeni. Kuibadilisha si kazi ya kuvunja mgongo. Lipo faili la mipangilio. Unaandika mstari wa kusema orodha ya watumiaji isionyeshwe, unaandika mwingine wa kusema picha iko wapi, unaiwasha upya, umemaliza.

Ila kibodi ya Daktari ilikuwa imefunikwa nailoni, na chini ya nailoni, mahali ambapo pamba yake ya spiriti haikufika, yalikuwamo makombo yaliyoota ukungu na unywele mmoja mrefu uliojiviringa. Kila Waya alipobonyeza herufi, ule ukungu ulibonyea nayo chini ya kidole, laini. Mtu anapangusa kiti mara mbili, na uchafu wake mwenyewe ameufungia humo kama akiba!

Mara ya kwanza picha haikutokea. Kioo kilikuja cheusi tititi, na kisanduku kidogo katikati.

"Wewe ni fundi kompyuta au fundi cherehani?" Daktari aliuliza.

Waya alirudi kwenye faili. Kosa alishaliona. Picha aliiacha ndani ya folda ya Daktari, na ile programu ya mlangoni haina ruhusa ya kuchungulia folda za watu. Akaihamishia mahali panaposomeka na wote, akawasha upya. Mdomo ukajitokeza, kioo kizima, kila jino na mate yake. Kisanduku cheupe kilichoandikwa "Jina la mtumiaji" kilikuwa kimeangukia katikati ya ulimi, na aliyeandika jina lake hapo angedhani analilisha lile jitu.

"Safi," Daktari alisema. "Hiyo ndiyo heshima. Weka na mapokezi vilevile. Mimi nakwenda kwa yule mwenye harufu." Akavaa glavu, akatoka.

Waya aliona hakuna haja ya kumsumbua shangazi katikati ya kazi. Akiwa pale pale alipokaa, akaupitisha mpangilio ule kwenye waya wa chini ya zulia mpaka kompyuta ya mapokezi. Huko hakuna kilichobadilika machoni. Shangazi aliendelea na wagonjwa wake. Itakapozimwa na kuwashwa tena ndipo itakapokuja na sura mpya. Kazi ya fundi nadhifu, alijiambia. Laiti angejua.

Kisha akakumbuka jambo. Watu walioingia miaka yote kwa kubofya sura zao hawajui majina yao ya kuingilia. Kila mtumiaji ana majina mawili kwenye mfumo. Lipo la kuonyesha, lile linaloandikwa chini ya sura yake, na lipo jingine fupi la ndani, ambalo mfumo wenyewe ndio unalitumia. Ukibofya sura hulihitaji lile fupi. Sura zikiondolewa, ndilo linalotakiwa, na hakuna jingine litakalokubaliwa. Basi Waya akafungua faili la watumiaji ili awaandikie wafanyakazi majina kwenye karatasi.

La kwanza lilikuwa bwana. Jina la kuonyesha, Daktari. Waya akatikisa kichwa. Kwa Daktari, hilo lilitarajiwa.

La pili lilikuwa domo. Jina la kuonyesha, Muuguzi. Muuguzi kweli alipenda kuongea.

La tatu lilikuwa uvundo. Hilo alikuwa nalo mhudumu wa zamani, mzee mpole aliyesafisha vyombo, aliyeondoka siku moja bila kuaga na hakuna aliyejua sababu.

La nne lilikuwa mzigo. Jina la kuonyesha, Mama Mapokezi.

Waya alilisoma, akalisoma tena, akitumaini macho yanamdanganya. Hayakumdanganya. Miaka yote ile shangazi alikuwa akifika asubuhi, anabofya picha yake anayotabasamu, na chini ya tabasamu lile mashine ilikuwa ikiandika mzigo ameingia, mzigo ametoka, mzigo amehifadhi faili. Folda yake ya kazi iliitwa mzigo. Miadi yote aliyoipanga, barua zote alizoandika kwa upole kwa wagonjwa, vyote ndani ya mzigo. Damu ilimchemka Waya mpaka masikio yakawaka moto. Alijihisi kama mtu aliyefunua shuka nyeupe akakuta kunguni.

Daktari alirudi akivua glavu zilizolowa damu na mate. Alizibwaga mezani, pembeni ya mkono wa Waya.

"Daktari, haya majina aliyaweka nani?"

Akainama, akasoma, kisha akacheka kwa kukohoa. "Ala! Bado yamo? Ule ulikuwa utani tu. Mashine inauliza jina, jina, jina, nikachoka. Nikaandika yaliyonijia. Nani anayasoma huko ndani?"

"Kuanzia leo watayaandika wenyewe. Kila asubuhi. Si umesema sura ziondoke?"

Waya alimtazama usoni, akitafuta hata chembe ya haya. Hakuiona. Daktari alifikiri kidogo, mkono ukaenda kwenye chupa ya meno, kachakacha.

"Basi wataandika. Kuna nini? Shangazi yako ananijua, hana makuu. Na tusidanganyane, mzigo si mzigo? Nani anambeba?" Akapiga mwayo. "Maliza upesi, nataka nione picha yangu pale mapokezi kabla watu hawajaisha."

Akatoka tena. Waya alibaki ameuma meno, na kwa mara ya kwanza maishani akaona aibu kuyauma chumbani mwa mtu yule, asije akarudi akayachungulia. Alitamani kumrushia ile chupa. Lakini kumrushia chupa kungemsaidia nini shangazi? Shangazi hakuwa na mali nyingine, hakuwa na mtoto wa kumzaa, alikuwa na ile "yetu" yake. Akiliona jina hili, "yetu" imekufa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo asilione. Lilikuwa suala la kulibadilisha kimyakimya tu, na Waya alijua kubadilisha.

Kwenye kompyuta ya Daktari jina lilibadilika kwa amri moja. Mzigo akafutika, akaandikwa mapokezi. Waya akashusha pumzi, akapita kwenye waya wa chini ya zulia, akatoa amri ile ile kwa kompyuta ya shangazi. Ikakataa. Mfumo haukubali kumbadilisha jina mtu ambaye yuko ndani anafanya kazi, na shangazi alikuwa ndani, anaandika.

Hapo ndipo Waya alipoona amejitia kitanzi. Angeanza na majina ndipo aondoe sura, mambo yangekwenda. Yeye alianza na sura. Sasa ile kompyuta ya mapokezi ikizimika kwa sababu yoyote ile, itaamka na mdomo, na mdomo utauliza jina. Akainuka mbio, akaangusha bisibisi, hakuiokota.

Mapokezi palikuwa na mabenchi yaliyojaa. Mama mmoja alikuwa amejifunga kitambaa shavuni, kijana mmoja anapekua simu, babu mmoja ameshika kofia mapajani. Shangazi alikaa nyuma ya meza yake, miwani kwenye ncha ya pua, nywele zimebanwa vizuri. Kioo cha kompyuta kilikaa ubavuni, juu ya kaunta, na Daktari ndiye aliyeagiza kigeuzwe hivyo ili wagonjwa waone matangazo ya dawa za meno.

"Shangazi," Waya alisema kwa sauti ya chini, "naomba utoke kidogo kwenye kompyuta. Dakika tu."

"Ngoja mwanangu, nimalizie huyu mama, ana maumivu. Mbona unahema hivyo? Umekunywa hata chai?"

"Shangazi, sasa hivi, tafadhali."

"Jamani Waya! Nimesema nakuja." Shangazi alicheka, akamgeukia yule mama wa kitambaa. "Huyu mpwa wangu huyu, tangu mdogo hana subira. Haya mama, ulisema linauma ukinywa baridi au hata moto?"

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Daktari alitoka, barakoa imeshushwa kidevuni, akatazama kioo cha kaunta, akakunja uso.

"Mbona pale sioni picha yangu?"

"Bado kidogo, Daktari," Waya alisema haraka. "Nisubiri. Usiiguse."

Mwambie mtu wa aina ile asiguse kitu! Alichomoa karatasi laini kwenye boksi, akaizungushia kidole ili asiguse vumbi, akainama, akakibonyeza kitufe cha kuzimia na kukishikilia. Shangazi alitoa mguno. Sentensi aliyokuwa akiiandika ikapotea, kioo kikazima, kikawaka tena.

Mdomo ukatokea. Yule babu akashtuka, kofia ikamwanguka. Mama wa kitambaa aligeuza uso pembeni. Kijana aliacha simu, akasema, "Du."

"Ee Mola wangu," shangazi alisema, "hiki nini tena?"

"Maendeleo," Daktari alijibu. "Andika jina lako uingie, watu wanasubiri."

Shangazi akasogeza miwani, akaandika jina lake, lile alilopewa na wazazi wake, herufi kwa herufi. Mashine ikalikataa. Akaandika Mama Mapokezi. Ikakataa. Aliandika jina la kliniki. Ikakataa. Kila alichoandika kilionekana wazi pale juu ya ulimi, na mabenchi yote yalikuwa yakisoma pamoja naye.

"Mwanangu," akamgeukia Waya, "linaniuliza jina. Kwani mimi jina langu lipi humu?"

Waya akazunguka kaunta, akashika kiti. "Inuka shangazi, niandike mimi. Ni jina la kifundi tu, halina maana, nenda kanywe maji, nitakuita—"

"Aa, mnanichelewesha bwana!" Daktari alipaza sauti, akiitupa ile karatasi ya kidoleni. "Andika mzigo."

"Niandike nini?"

"Mzigo. Em, zedi, i, ge, o. Kisha neno lako la siri. Haya, mdomo wa kwanza uingie, nina kazi."

Waya aliona shingo ya shangazi, ile shingo aliyoizoea tangu akibebwa mgongoni, ikisimama wima. Shangazi hakumtazama mumewe. Alitazama kibodi kwa muda, kama mtu aliyesahau herufi zinakaa wapi. Kisha akaandika. M. Z. I. G. O. Zilijipanga moja moja pale juu ya ulimi, na yule babu, aliyekuwa ameokota kofia yake, akainamisha kichwa na kuivaa mpaka machoni. Shangazi akaandika neno la siri, akabonyeza. Mdomo ukaondoka. Kazi zake zote zikafunguka, zimekaa mahali pake kama alivyoziacha.

"Kumbe linakubali," alisema taratibu.

Kinyaa kilichompanda Waya wakati ule hakikuwa tena cha ukungu wala cha vijinyama kwenye chupa. Alimwona Daktari amesimama na koti lake jeupe pe, vidole vinanuka spiriti, kucha zimekatwa vizuri. Hata Daktari sasa alionekana kuhisi kitu. Alikuwa ameyatazama mabenchi na kukuta hakuna anayeinuka. Mdomo wa kwanza haukuingia. Yule mama wa kitambaa alikuwa amekaa, ameshika shavu lake, anamtazama Daktari kwa jicho kavu.

"Ni utani wa nyumbani huo," Daktari aliwaambia, akacheka peke yake. "Mke wangu anajua."

Waya akainama sikioni kwa shangazi. "Toka mara moja tu, nikubadilishie. Najua namna. Hata hutalisikia tena."

"Usiguse."

"Shangazi, ni amri moja—"

"Nimesema usiguse, Waya. Liache lilivyo." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kumkataza mtoto asicheze na kiberiti. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio, akaivaa. "Linalotumika ni hilo, si ndiyo? Basi."

Simu ya mezani ikalia. Daktari aliunyosha mkono kuiwahi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu kliniki ifunguliwe, akakumbuka hana glavu, akasita. Shangazi akaunyanyua mkono wa simu, akaketi vizuri, akatabasamu kama anavyotabasamu kwa wanaoogopa sindano, akasema kwa sauti yake safi ya kazini, iliyofika mpaka benchi la mwisho:

"Kliniki ya meno, habari za leo. Unaongea na Mzigo. Nikusaidie nini?"